Anayeimba Naye Atembelewe

Katika makanisa yetu ya Bukavu, mashariki mwa Kongo, tumejaliwa kujua kulia pamoja na wanaolia. Mtu akifiwa kule Kadutu au Bagira, jua halijazama viti vimekwisha kukodiwa, akina mama wamefika na makaa na unga, korali imepanga zamu za kuimba usiku, na hata jirani aliyegombana na marehemu juu ya mpaka wa kiwanja anaonekana kwenye kilio. Sina neno baya juu ya desturi hii. Lakini huruma yetu husubiri kuitwa na kitu kinachoonekana kwa macho: jeneza, mguu uliovunjika, nyumba iliyobebwa na tope mvua ilipoporomosha kilima. Yule ambaye bado anaamka, anajifunga kitenge chake cha Jumapili na kuimba alto bila kukosea, hana wa kumtembelea.

Nasema hivi nikiwa na deni. Kwa miaka kadhaa niliimba nyuma ya dada mmoja wa korali yetu, mtu wa kuwahi mazoezini na kuwakumbusha wengine maneno ya beti. Jioni moja, tulipokuwa tukishuka mlima pamoja, akaniambia kwamba kwa miezi mingi alikuwa akiamka saa tisa ya usiku na kukaa kitandani hadi kukuche, kwamba chakula hakikuwa na ladha tena, na kwamba akiimba husikia sauti yake kana kwamba inatoka chumba cha pili. Nikamjibu, "Tuendelee kuomba, dada yangu." Akasema, "Amina," tukaachana njia panda. Miezi ilipita kabla sijatambua kwamba Amina ile ilikuwa mlango unaofungwa, na aliyeufunga ni mimi.

Wataalamu huita hali hii sonona. Kwa maelezo ya Shirika la Afya Duniani, mtu huelemewa na huzuni au hukosa hamu ya mambo aliyoyapenda, sehemu kubwa ya siku, karibu kila siku, kwa wiki mbili au zaidi, na pamoja na hayo huja kukosa usingizi, uchovu, kujilaumu kupita kiasi, na pengine mawazo ya kufa. Hapa kwetu husemwa tu kwamba fulani ana mawazo mengi, na kanisani tunaongeza kwamba ana roho ya huzuni. Neno la kwanza linaufanya ugonjwa uonekane mdogo, la pili linaugeuza kuwa aibu. Kwa wanaume hujificha zaidi, kwa sababu baba wa nyumba anayekasirika ovyo na kuchelewa kwenye kasiksi, pombe ya ndizi, huitwa mlevi, na mlevi huhubiriwa, haulizwi.

Kuna jambo jingine ambalo nadhani ni la mji wetu hasa. Katika miaka hii yote ya vita, na zaidi tangu vita vilipoingia mjini Februari 2025, karibu kila familia ina mtu iliyempoteza, biashara iliyofungwa au ndugu aliyekimbia. Mahali ambapo kila mtu ameumia, anayesema "mimi naumia" huogopa kuonekana kama anajitanguliza mbele ya wenzake. Dada yule aliniambia baadaye kwamba kila alipotaka kusema, alimkumbuka mama anayekaa benchi la mbele, aliyezika watoto wawili, na akajiona hana haki ya kulalamika. Hivyo mateso ya wote huwa pazia la mateso ya mmoja. Tunaposimama ibadani na kudai ushuhuda wa ushindi peke yake, tunalishona pazia hilo liwe zito zaidi.

Wala Biblia haitudai tabasamu. Eliya, aliyekuwa ameshusha moto juu ya Karmeli, aliketi chini ya mretemu akaomba afe, na malaika hakumkemea kwa kukosa imani: alimwacha alale, akamwamsha ale mkate uliookwa juu ya makaa, akamwacha alale tena, akamlisha mara ya pili, akakiri kwamba safari ilikuwa kubwa mno kwake. Zaburi ya 88 inaanza kwa kilio na kuishia gizani, na walioikusanya hawakuiongezea mwisho mwema. Mithali 25:20 inamfananisha anayemwimbia nyimbo mwenye moyo wa huzuni na mtu anayevua nguo siku ya baridi. Mstari huu sijapata kuusikia ukisomwa katika mkutano wa korali, na sababu yake naielewa.

Wapo watakaosema kwamba kumpeleka Mkristo kwa daktari wa akili ni kumpunguzia Mungu utukufu. Katika mji huu hoja hiyo inanishangaza. Daktari Denis Mukwege, aliyepewa Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2018, ni mtoto wa mchungaji wa Kipentekoste wa hapa hapa Bukavu. Ameeleza mara nyingi kwamba alipokuwa mdogo alimfuata baba yake kumwombea mtoto mgonjwa, akamwuliza kwa nini hakumpa dawa, na baba akajibu kwamba yeye si daktari. Hospitali ya Panzi, aliyoianzisha mwaka 1999, haitibu mwili tu, maana wapo akina mama waitwao mamans chéries, yaani mama wapendwa, ambao kazi yao ni kukaa na wagonjwa na kuwasikiliza. Kituo cha SOSAME, kinachotibu magonjwa ya akili, nacho kinajulikana na kila dereva wa teksi, ingawa Mkristo mwenzangu huona aibu kuonekana langoni pake.

Ninachokiomba kwa viongozi wetu si idara mpya wala semina. Naomba baada ya "Habari?" na "Mungu ni mwema" liwepo swali la pili, likiulizwa kando, kwa mtu asiye na haraka: unalala? Na jibu likiwa zito, tuulize waziwazi kama amewahi kutamani kufa, kwa maana kuuliza hakumpi mtu wazo hilo. Naomba pia siri hiyo isigeuzwe kuwa ombi la chumba cha maombi, "tumkumbuke dada fulani," kwa sababu wengi wamenyamaza tangu habari zao zilipowatangulia sokoni.

Dada yetu hakuokolewa na jibu langu. Mama shemasi mmoja alikwenda kwake siku ya kazi na samaki wadogo wa sambaza na bugali, akaosha vyombo, akakaa. Hakuomba mpaka alipoombwa, na wiki iliyofuata akamsindikiza hospitalini, akangoja naye foleni nzima. Sasa anameza dawa na kwenda kuzungumza na mtaalamu. Jumapili iliyopita hakuimba. Alikaa benchi la nyuma na kanga mabegani, na hakuna aliyemwita aje mbele.