Mpelekeni mwanafunzi wa famasi Kibaigwa

Wiki iliyopita kijana anayefanya mazoezi katika duka letu la dawa hapa Leipzig alinikatalia unga wa oksidi ya zinki. Niliutaka haraka, nimchanganyie mtoto mmoja mafuta ya upele. Mkebe ulikuwa mpya, umefungwa vizuri, una lebo na cheti cha kiwanda. "Bado sijaupima," akaniambia. Akachota kidogo, akauchoma juu ya moto, ukageuka njano. Akauacha upoe, ukarudi mweupe. Akaandika kwenye daftari, akatia sahihi, ndipo akanikabidhi. Sheria ya Ujerumani inataka hivyo: malighafi yoyote inayoingia duka la dawa ihakikiwe kwanza kwamba ni yenyewe, na kila duka liwe na maabara yake.

Siku hiyo mimi ndiye niliyekuwa msimamizi wake, na nilisimama nikamsubiri kwa furaha kubwa. Usiku usingizi ukanipaa nikiwaza nyumbani.

Nyumbani ni Kibaigwa, wilaya ya Kongwa, kwenye lile soko la mahindi kando ya barabara ya Dodoma kwenda Morogoro. Famasi niliisomea Tanzania, miaka minne na mwaka mmoja wa intern, katika chuo kilichokuwa mbali na Dodoma. Walimu wangu niliwapenda na hadi leo nawaheshimu. Ila fildi yangu ya kiwandani ilikuwa wiki sita za kupanga katoni. Mashine ya kupiga vidonge niliitazama kupitia kioo. Aliyetupokea alituambia bila kuficha kwamba chuo kimemtwisha mzigo asiouomba, na siku ya mwisho aligonga muhuri kwenye ripoti zetu bila kuzifungua. Simlaumu sana. Hakuna aliyemwambia kwamba kutufundisha ni sehemu ya kazi yake, wala hakuna aliyemlipa kwa ajili yetu.

Hapa mambo yamefungwa kisheria. Mwanafunzi wa famasi anafanya wiki nane za mazoezi wakati wa likizo, na angalau nne kati ya hizo lazima ziwe katika duka la dawa la mtaani. Akimaliza chuo anafanya kazi mwaka mzima: miezi sita au zaidi katika duka la dawa la mtaani, na iliyobaki anaweza kuimalizia kiwandani, hospitalini au chuoni. Anapata posho. Baada ya hapo ndipo anaruhusiwa kufanya mtihani wa mwisho wa serikali. Mimi niliyekuja na shahada kutoka nje ilinibidi nipite kwanza mtihani wa lugha ya kitaaluma, halafu wa maarifa. Wakati wa kujiandaa na huo wa pili ndipo nilipoumia. Ya vitabuni niliyajua yote, mikono yangu ndiyo iliyokuwa haijafundishwa.

Majira ya baridi ya 2022 kuingia 2023, dawa za maji za kushusha homa za watoto ziliadimika Ujerumani nzima. Wazazi walikuja wanalia. Wafamasia wakavaa makoti, wakaingia nyuma dukani, wakazitengeneza wenyewe kwa mikono, chupa moja baada ya nyingine. Waliweza kwa sababu katika mafunzo yao waliwahi kusimama kwenye meza ya namna ile.

Ninapoyasimulia haya kwa watu wa nyumbani hunijibu kwamba wenzetu wana pesa. Nalikataa jibu hilo. Moto wa spiriti na kijiko cha kuchomea unga wa zinki vinapatikana Dodoma mjini. Ambacho hatuna ni mtu aliyebanwa na sheria kumshika mwanafunzi mkono, kisha akalipwa kwa kumshika.

Tena kuna jambo ambalo Leipzig hawalijui na Kongwa wanalijua.

Bibi yangu alikuwa na vikope. Kope ziligeukia ndani zikawa zinakwaruza mboni, na sisi wajukuu tulipokezana kumng'oa kope kwa kibano, yeye amelala kifudifudi? La, chali, kichwa kwenye mapaja ya mama, juani ili tuone vizuri. Nyumba nyingi za Ugogoni zina kumbukumbu kama hiyo. Watafiti wa trakoma, ndilo jina la kitaalamu la vikope, wamefanya kazi Kongwa tangu miaka ya 1980, wakachunguza hata suala dogo kama kumnawisha mtoto uso katika nchi isiyo na maji. Dawa ya zamani ilikuwa mafuta ya tetrasaiklini, yanapakwa machoni mara mbili kwa siku kwa wiki sita. Mama gani mwenye shamba na watoto watano atamaliza wiki sita? Ikaja azithromaisini, inayomezwa mara moja. Mwaka 1998 kampuni ya Pfizer ilishiriki kuanzisha mpango wa kuitoa bure, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi za mwanzo kuipata. Kijijini hakuna aliyebeba mizani. Mtoto alisimamishwa kando ya fimbo yenye alama, na urefu wake ukawa ndio kipimo cha dozi.

Hebu itazame fimbo ile. Ndani yake mna elimu ya dozi, mna kiwanda kilichotoa dawa, mna mwanakijiji anayejua nyumba ipi ina watoto wangapi. Somo zima la famasi limesimama pale kwenye kijiti. Nami mtoto wa Kongwa nilimaliza miaka minne ya shahada bila kusikia Kongwa ikitajwa darasani hata mara moja.

Jazia, mfumo wa kuzijazia zahanati dawa zinazokosekana, nao ulianzia Dodoma, mwaka 2014. Zahanati zikikosa dawa MSD, yaani Bohari ya Dawa ya serikali, halmashauri za mkoa zinanunua kwa pamoja kutoka kwa msambazaji binafsi mmoja aliyepatikana kwa ushindani, ili pengo lijazwe. Mwaka 2018 ukapelekwa nchi nzima. Kwa hiyo mkoa huu, tunaouzoea kutajwa kwa ukame, umeshafundisha taifa zima namna serikali, mfanyabiashara na kijiji wanavyoweza kushika kamba moja. Leo makao makuu ya TMDA, mamlaka inayosimamia dawa na vifaa tiba, yako Dodoma. Chuo Kikuu cha St. John's kinafundisha famasi pale ilipokuwa shule ya Mazengo. UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, iko kilimani, jirani na Hospitali ya Benjamin Mkapa. Tangu 2024 treni ya SGR inatoka Dar es Salaam hadi Dodoma kwa saa tatu na nusu hivi, maana yake mhandisi wa kiwanda cha dawa cha Dar anaweza kuja asubuhi, akafundisha, akarudi kulala kwake.

Nitatoa mfano wa kazi moja ambayo ningeianza kesho.

Dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, ana duka la dawa muhimu pale Kibaigwa. Ni mtoa dawa mwenye cheti, katika mfumo ule ulioanzia Ruvuma mwaka 2003 na kuchukua nafasi ya maduka ya dawa baridi. Watu humwendea kabla ya zahanati, na wengine badala ya zahanati. Oktoba iliyopita alinipigia simu. "Mdogo wangu, humu ndani hakukaliki, na dawa zimo," alisema. Bati juu, feni moja, umeme unakuja na kuondoka. Kwenye maboksi yake mengi pameandikwa zihifadhiwe chini ya nyuzi 30, na mengine 25.

Ndani ya duka lile kuna nyuzi ngapi saa nane mchana? Yeye hajui, kiwanda hakijui, na chuo hakijui. Wapelekwe wanafunzi wawili wawili kwenye maduka ya Kibaigwa, Mpwapwa, Bahi na Chemba, kila duka liwekwe kipimajoto chenye kumbukumbu kwa mwaka mzima. Vidonge vilivyokaa humo virudi maabara ya chuo vipimwe kama bado vina nguvu yake. Majibu yapelekwe kiwandani, nacho kiamue kama kibadilishe pakiti au lebo. Mwanafunzi atakuwa amejifunza uthabiti wa dawa kuliko mihadhara kumi, na siku hiyo hiyo atakuwa ameona jinsi bahasha ya dawa inavyoandikwa 1x3, na jinsi mama anavyoitafsiri akifika nyumbani. Huku Leipzig, tangu 2022, bima inatulipa kukaa na mgonjwa anayetumia dawa tano au zaidi, anamwaga mfuko wake mezani tunapitia kimoja kimoja. Kazi nzuri sana hiyo. Hata hivyo sijawahi kuona kabati ambamo dawa hizo zinalala. Dada yangu anazijua nyumba za wateja wake wote.

Najua ugumu uliopo. Wenye maduka watadhani mwanafunzi ni mkaguzi aliyejificha, watafunga milango. Ndiyo maana lazima Baraza la Famasi na TMDA watamke kwa maandishi kwamba kitakachoonekana katika mafunzo hakitatumika kumfungia mtu duka. Viwanda navyo vitasema mgeni huchafua eneo la uzalishaji. Basi afundishwe kuvaa na kunawa kabla ya kuingia, maana hilo nalo ni somo. Kuhusu fedha, waajiri wanalipa tozo ya kuendeleza ujuzi kila mwezi. Kiwanda kinachompokea mwanafunzi kwa miezi mitatu na kumfundisha kwa dhati kirudishiwe sehemu ya tozo yake, na kinachompangisha katoni kisirudishiwe kitu.

Vipimajoto kumi vya kuanzia nimeshanunua. Nitavituma Septemba kwa mtu anayekuja, kwa sababu joto lenyewe la Dodoma ni Oktoba na Novemba kabla ya mvua. Dada amekubali duka lake liwe la kwanza, na amewashawishi wenzake watatu wa pale sokoni. Vimebaki sita, na ninamtafuta mwalimu wa famasi wa Dodoma mwenye wanafunzi sita.