Chartres: Giza Libaki au Masizi Yaondoke?

Ubishi ulipamba moto mwaka 2014: Je, Kanisa Kuu la Chartres, Ufaransa, linakarabatiwa au linaharibiwa? Mafundi walikuwa wanasafisha kuta na madirisha yake ya vioo vya rangi, na wapinzani wakasema kanisa limetakata kupita kiasi. Kwao, giza ndilo lililofanya vioo viwake kama makaa. Kuta zikiwa nyeupe, mwanga unatapakaa na rangi zinafifia.

Siidharau hoja hiyo. Litazame dirisha la Bikira Maria ambalo Wafaransa huliita Belle Verrière. Vipande vyake vya katikati ni vya mnamo 1180. Vilinusurika moto wa 1194 ulioteketeza sehemu kubwa ya kanisa la awali. Vazi la Bikira ni la buluu nyepesi ya anga la asubuhi, na nyuma yake kuna wekundu mkali. Malaika wanaomzunguka waliongezwa karne ya 13, na buluu yao ni nzito zaidi. Ili uzione buluu hizo mbili sawasawa, jicho linahitaji kivuli na utulivu.

Lakini giza linaloliliwa lilikuwa masizi ya mishumaa na taa. Chini yake ilikutwa rangi ya karne ya 13: manjano ya udongo, yenye mistari myeupe iliyochorwa kuiga maungio ya mawe. Waumini wa kwanza hawakuzungukwa na kuta nyeusi.

Tena kioo chenyewe kinaumwa. Kioo cha enzi zile kilitengenezwa kwa mchanga na majivu ya miti, kwa hiyo unyevu hukila taratibu: uso unatoboka vishimo na kufanya ukoko mweupe. Nyuso na mikunjo ya nguo ni rangi nyeusi iliyochomwa tanuruni juu ya kioo; ikibanduka, sura ndiyo imekwenda.

Kweli, miaka ya 1970 madirisha matatu ya magharibi yalisafishwa na kupakwa utomvu wa viwandani, na watu wengi wakalia kwamba buluu imepoteza uhai. Siku hizi huwekwa kioo kingine upande wa nje kuzuia mvua. Ukisimama uwanjani utaona kioo hicho kipya kabla ya kile cha kale, na hilo linaniuma. Hata hivyo nalikubali: kinga hiyo inaweza kung'olewa siku yoyote, ila uso wa Bikira ukishamomonyoka hakuna fundi wa kuurudisha.