Nje daktari, ndani kijana

Jamani, kabla sijasema lingine lolote nataka watu wote wa Lamu walijue hili: mtu mzima ana meno 32. Thelathini na mbili basi, na hapo ni kama magego ya mwisho yametoka yote. Nasema hivi manake juzi daktari alikuwa anamkagua mama mmoja wa makamo, mie niko pembeni na kalamu naandika, daktari akasema "arobaini na sita, limeoza", yule mama akaruka kitini na kioo bado kiko mdomoni, "Yaa Rabbi, arobaini na sita! Yote yameoza?"

Ikabidi nitoe darasa. Nikamwambia mama, sisi kinywa tunakigawa mafungu manne, juu kulia ni la 1, juu kushoto la 2, chini kushoto la 3, chini kulia la 4, halafu meno yanahesabiwa kutoka mbele katikati kwenda nyuma, kwa hivyo 46 ni fungu la nne jino la sita, yaani gego lako la chini kulia, na kulia ni kulia kwako wewe sio kwangu. Mama akanitazama kwa huruma. "Sasa mwanangu, si mungesema gego tu?" Na sikuwa na jibu.

Mie ni asistanti wa daktari wa meno, kliniki ndogo ya mtu binafsi huku Langoni, kwenye kichochoro ambacho punda wawili wakikutana na mizigo mmoja lazima arudi nyuma. Kazi yangu kubwa ni kushika sakshen. Daktari anatoboa jino, mashine inarusha maji, mie nafyonza maji na mate huku nalizuia shavu na ulimi visikae njiani. Ulimi wa binadamu una kiherehere wallahi sijapata kuona, unaufukuza huku unatokea kule, kila kinachofanyika unataka uwepo. Na siku stima ikikatika, na Lamu mnaijua wenyewe, sakshen inazima, taa inazima, feni inazima, mgonjwa kajaa maji mdomoni hawezi kumeza hawezi kutema, kanitolea macho mie, kana kwamba ndo niliyeizima. Afadhali basi iishie hapo. Kule nyuma otokulevu, ile mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke, ilikuwa inachemsha vifaa, imeshafika nyuzi 121, imebakisha dakika kidogo tu imalize, stima ikirudi lazima uanze upya kabisa, hakuna cha "tuendelee tulipoachia".

Halafu kuna huu unga wa kuchukulia kipimo cha meno ya bandia, aljineti. Unatiwa maji, unakorogwa mbio mbio, unajazwa kwenye trei, mgonjwa anang'ata, unaganda, unatoa. Kwenye pakti imeandikwa vizuri sana. Ila huo unga ukipata maji ya moto unaganda haraka zaidi, na maji ya mfereji wetu saa saba mchana ni ya kutilia majani ya chai. Basi mie nakoroga, nageuka na trei, kumfikia mgonjwa hatua mbili tu, mshaganda. Daktari ananiangalia. "Kijana, nimekwambia utumie maji ya friji." Maji ya friji, friji yenyewe ikiwa na stima! Nakoroga tena. Mgonjwa anauliza mbona mwanzo nilikataa kumpa. Na hicho kipimo kikishapatikana safari ndo inaanza, kipande boti mpaka Mokowe, kipande basi mpaka Mombasa kwa fundi, meno yanarudi mzee keshazoea kula mkate wa kuchovya na hayataki tena.

Dawa ya kuziba kwa muda ndo kidogo inanifurahisha, unga wa zinki unaukoroga na mafuta yanayotoka kwenye karafuu juu ya kigae mpaka uwe ugali mgumu, chumba kizima kinanukia. Kuna mzee aliniuliza kama tunapika pilau huko nyuma. Nikamwambia ni karafuu. Akanyamaza, nadhani alikuwa anapiga hesabu, manake karafuu ya jino bibi yake alimtia bure na huku kaambiwa alipie.

Sasa hayo ya ndani. Nje ndo balaa, manake nje mie ni daktari. Ndani ya kliniki naitwa kijana, kijana leta pamba, kijana fungua mlango, kijana mwambie huyo mama asipige kelele, lakini nikishatoka tu, "daktari, daktari, hebu niangalie hapa" na mtu keshatia kidole mdomoni. Nimefunguliwa vinywa msikitini nikiwa natafuta kiatu changu. Nimefunguliwa kinywa kwenye harusi, na biriani bado imo. Ramadhani ndo usiseme, kila mtu anataka fatwa kwangu, eti sindano ya ganzi inafunguza au haifunguzi, na damu nikimeza kwa bahati mbaya je, nawaambia muulizeni shehe, wanasema shehe kasema niulize kwenu.

Ukimpa mtu maagizo hasikii pia. Ukishang'olewa ng'ata pamba nusu saa, usisukutue leo, usivute, usinywe cha moto, ganzi ya taya la chini inakaa masaa mawili matatu. "Sawa daktari." Dakika kumi baadaye namkuta kwa muuza kahawa, mdomo umelala upande mmoja, kahawa yote inashuka kwenye kanzu nyeupe ya Ijumaa na yeye hana habari, anazungumzia bei ya samaki. Kwangu mgongo umepinda kwa kumuinamia. Lamu hii punda ana hospitali yake tangu 1987 na hutibiwa bure, mie nikalalamika mgongo nikaambiwa nisimame wima.

Kilichoniingiza huku ni kwamba nataka kusomea udaktari wenyewe wa meno. Nina binamu yangu Marekani ananitumia voisi, "hongera, hapo umefanya la maana", manake kwao vyuo vya meno huuliza umekaa na daktari masaa mangapi, wewe mwenyewe ulikuwa unafanya nini, mtu anasoma digrii ya kwanza, anafanya mtihani wao wa kuingilia vyuo vya meno, DAT, halafu miaka 4 tena ya meno, na kazi kama hii yangu inampa uzito. Nikafurahi siku nzima. Halafu nikakumbuka mie niko Kenya. Huku mtoto wa fomu foo anaingia moja kwa moja, Nairobi au Moi kule Eldoret, na kinachoangaliwa ni KCSE, Biolojia, Kemia, hao jamaa. Kemia ndo iliyoniangusha. Nimefyonza mate ya nusu ya kisiwa na kwenye fomu hakuna hata kisanduku cha kuandika, yupo mtoto mahali hajawahi kuona gego la mtu mwingine ana A ya Kemia na ataniita mie nimletee pamba. Usiku nadurusu moli na besi huku nasubiri otokulevu ipoe.

Na mama hajasaidia, kautangazia mji mzima kuwa mwanawe anakwenda kusomea meno. Mzee mmoja wa barazani kwetu ana jino la mbele bovu, kila siku namwambia njoo tulitoe, hataki, hataki daktari mwingine. "Hili nakuwekea wewe." Nikamwambia mzee wangu, kwanza nirudie mtihani, halafu miaka 5 chuoni, halafu mwaka mzima wa intanship, na hilo jino wallahi Maulidi halifiki. Akafikiri, akalisukuma kwa ulimi, likacheza.

"Basi soma mbio."