Ukimfukuza aliyekosea, wengine wataficha

Mhasibu amekosea akaunti, malipo yameingia kwa mtu asiyehusika. Amegundua mwenyewe, kabla ya mtu mwingine yeyote. Aende kwa bosi sasa hivi, pesa ikiwa bado inaweza kuzuiwa, au anyamaze akiomba mkaguzi asione? Jibu lake litategemea yaliyompata mwenzake aliyewahi kukosea. Kama mwenzake aliambiwa akusanye vitu vyake siku ile ile, huyu atanyamaza, na hasara itazidi kukua.

Kwa hiyo sikubaliani kabisa na waajiri wanaodhani kwamba kumtimua aliyekosea bila kukusudia ni kuilinda kampuni.

Sekta ya anga ililipia somo hili kwa roho za watu. Tarehe 1 Desemba 1974, ndege ya shirika la TWA iligonga mlima huko Virginia, Marekani, na watu wote 92 waliokuwamo wakafa. Wiki 6 kabla yake, marubani wa shirika jingine walikuwa wameponea chupuchupu eneo hilo hilo, baada ya kuielewa vibaya ruhusa ya kushuka kama wale wa TWA. Walisema, ila taarifa iliishia ndani ya shirika lao. Mwaka 1976 ukaanzishwa mfumo wa kuripoti chini ya NASA, shirika la Marekani la anga: anayeeleza ndani ya siku 10 kosa ambalo hakulikusudia, mradi si jinai wala ajali, kwa kawaida haadhibiwi, na jina lake hufutwa kwenye taarifa.

Tazama pia GitLab, kampuni inayowahifadhia watengeneza programu kazi zao mtandaoni. Usiku wa Januari 31, 2017, fundi aliyekuwa akihangaika na hitilafu alifuta hifadhidata akidhani yuko kwenye seva nyingine. Walipokimbilia nakala za akiba, wakakuta hazipo: utaratibu wa kuzitengeneza ulikuwa ukishindwa, na barua pepe za tahadhari zilikuwa zikikataliwa bila mtu kujua. Nakala nyingine iliyokuwapo kwa bahati tu iliwaokoa, lakini data ya takriban saa 6 ikapotea moja kwa moja. Fundi hakufukuzwa, na ilikuwa haki. Angefukuzwa, ingekuwa rahisi mno kuamini kwamba tatizo limeondoka naye, na hizo nakala zingeendelea kutokuwepo.

Sisemi kila mtu aachwe. Anayeendesha mtambo akiwa amelewa hajakosea, amechagua. Anayeghushi hesabu ili kuficha kosa, vivyo hivyo. Anayerudia kosa lile lile baada ya kuelekezwa vizuri, labda kazi ile haimfai. Ahamishwe, na ikishindikana aondoke.

Lakini asikilizwe kwanza. Mkataba Na. 158 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1982, unataka mfanyakazi apewe nafasi ya kujitetea kabla ya kuachishwa kazi kwa sababu ya mwenendo au utendaji wake. Hata hivyo, wapo wanaopokea ujumbe wa simu jioni kwamba kesho wasije, bila kuulizwa hata swali moja kuhusu kilichotokea. Hilo linaniuma sana.