Msemaji amefundwa, lakini saa ya kwanza ni ya nani?

Niliwahi kuketi kwenye ukumbi wa hoteli mjini Kampala, wakubwa wa taasisi moja wakifundwa namna ya kuwakabili waandishi wa habari mambo yakiharibika. Taa ya kamera ikawashwa, mkufunzi akauliza: "Wamekufa wangapi?" Mkurugenzi akamgeukia mwanasheria wake. Mwanasheria akatikisa kichwa. Ukumbi ukaangua kicheko.

Ila mwanasheria yule ana hoja. Dampo la taka la Kiteezi, nje kidogo ya Kampala, lilipoporomoka tarehe 10 Agosti 2024, hesabu ya waliokufa ilianza chini, ikapanda siku baada ya siku hadi ikapita 30. Anayewahi kutaja idadi huumbuka kesho yake, na neno la kukiri kosa laweza kumsubiri mahakamani. Wengine wanalalamika kwamba mafunzo haya yanazalisha mafundi wa kukwepa maswali. Hawajakosea, nimewasikia wahitimu wake, kila swali jibu ni "tunalifanyia kazi".

Tatizo ni kwamba ukinyamaza, wenzako hawanyamazi. Taarifa rasmi ya taasisi ikingali inatafuta sahihi ya tatu, mwendesha boda aliyepita pale amesharusha video WhatsApp, na redio za Kiluganda zinapokea simu za wasikilizaji. Oktoba 2020, mfumo wa kampuni iliyounganisha benki na pesa za simu ulipodukuliwa, kampuni za simu za MTN na Airtel pamoja na benki ya Stanbic walitoa tamko la pamoja: hitilafu imetokea kwa mtoa huduma mwingine, salio la wateja liko salama. Kwa kuwatuliza wateja, lilifaa. Kiasi kilichoibwa halikukigusa, na hicho ndicho watu walichokuwa wanauliza.

Wizara ya Afya ya Uganda ilipotangaza Ebola wilayani Mubende, Septemba 2022, ilikuwa ikitoa hesabu ya wagonjwa na vifo huku zikiendelea kupanda. Kila hesabu ilikuwa na tarehe yake. Ya jana haikuwa uongo, ilikuwa ya jana tu. Hapo hofu ya mwanasheria inapungua nguvu, walau kwa upande wa idadi. Suala la kukiri kosa namwachia.

Kwa hiyo ningepunguza mazoezi ya kamera, nishughulikie ruhusa: meneja wa zamu aweze kusema kilichotokea, kisichojulikana bado, na saa atakayorudi na habari zaidi, bosi awe amefika au hajafika.

Wakati wa chai nilimuuliza afisa uhusiano wao nani hupokea simu ya wanahabari saa nane usiku. Akasema simu ile hulala kwenye droo ofisini. Ufunguo anao mkurugenzi.