Mkaratusi mweupe, mkaratusi mwekundu: nani mkweli?

Nikipita kwa mafundi huku Ngamiani, Tanga, ubishi ni uleule kila siku, mmoja anasema mkaratusi ni mkaratusi tu kikubwa bei, mwingine anaapa kuna mwekundu na mweupe, na ule mweupe hata wa bure hachukui. Mi naona wa mwekundu ana hoja zaidi, ila sio kwa sababu anayodhani yeye.

Juzi nimechukua vipande viwili, kimoja Eucalyptus grandis iliyoshuka toka Lushoto, ndo ule wanaouita mweupe, kingine Eucalyptus camaldulensis, ile inayovumilia ukame, ndo mwekundu wao. Nikakata kichwa cha ubao kwa wembe mpya, nikalowesha kwa mate (ndio, mate), nikachungulia kwa lenzi. Jamani ni ndugu kabisa! Vitundu vya kupandisha maji vimekaa kimojakimoja, vimejipanga mshazari kama matone ya mvua yaliyosukumwa na upepo, na ile mistari inayotoka moyoni kwenda kwenye gome ni myembamba mno kwa macho matupu. Hapo wa "mkaratusi ni mkaratusi" kashinda.

Tofauti iko kwenye nyuzi zinazojaza katikati ya vitundu, na hapo lenzi haitoshi, inataka darubini. Grandis nyuzi zake zina kuta nyembamba, ndani wazi, camaldulensis kuta nene, ndo maana grandis ya shambani mara nyingi inacheza kwenye kilo 500 hivi kwa mita moja ya ujazo wakati mwenzake anafika 700 na kupita. Halafu nyuzi za camaldulensis zimesukana, tabaka moja limelala huku linalofuata kule, kwahiyo randa inang'oa badala ya kulamba.

Ila umri nao unavuruga hesabu. Mbao ya karibu na moyo, ile iliyoota mti ukiwa bado mtoto, ni laini kuliko ya pembeni kwenye mti huohuo mmoja, yaani grandis mzee unaweza kumshinda camaldulensis mtoto bila shida. Na wekundu sio kipimo, grandis nayo ina upinki wake. Mi mwenyewe nilishauziwa "mwekundu" nikatengeneza fremu ya mlango, mwezi haujaisha imejikunja, kuja kuangalia vizuri ni moyo tupu wa mti mchanga, tena mbichi. Machotara ya grandis na camaldulensis yaliyotokea Afrika Kusini ndo usiseme, hayo hata mimi na lenzi yangu nakisia tu.

Kwa mirunda ya kushikilia zege sina ubishi, chukua wowote. Nguzo ya dawa usiipasue, maana vitundu vya ndani vimejiziba vyenyewe, dawa inaishia pembeni, ukipasua umewafungulia mchwa mlango. Kwa fremu, siku hizi nauliza kwanza mti ulikuwa na miaka mingapi, jina baadaye, na muuzaji akianza kujikuna kichwa nahamia kwa jirani yake.