Bibi Asiyekuwa na Kazi katika Sensa ya Uingereza

Anayefuatilia nasaba ya ukoo wa Kiingereza ana bahati ambayo watafiti wa koo nyingi duniani hawana, kwani kazi ya mtu iliandikwa tena na tena katika maisha yake. Tangu 1813 madaftari ya ubatizo ya Kanisa la Anglikana yana safu ya kazi ya baba. Tangu Julai 1837 cheti cha ndoa kinataja kazi ya baba wa kila upande. Na tangu 1841 sensa inaorodhesha watu kwa majina pamoja na shughuli zao. Wingi huo umewafanya watafiti wengi wainakili kazi waliyoikuta, waiweke chini ya jina na kusonga mbele. Kwa maoni yangu hapo ndipo utafiti unapoharibika, kwa sababu safu ile ilijazwa na watu waliokuwa na sababu zao za kusema na za kunyamaza.

Kwa wanaume udanganyifu ni mdogo na hugundulika. Bwana harusi aliyetaka kuheshimika alimpandisha cheo baba yake, na kibarua wa shambani akageuka mkulima siku moja kanisani. Linganisha cheti hicho na sensa iliyo karibu nacho: kuanzia 1851 mwenye shamba alitakiwa kutaja ekari zake na idadi ya vibarua aliowaajiri, kwa hiyo mkulima wa kweli hajifichi.

Ukimya juu ya wanawake ni jambo zito zaidi. Maelekezo ya sensa ya 1841 yalisema wazi kwamba kazi ya mke, na ya watoto waliokaa na wazazi wao wakiwasaidia bila ujira, si lazima iandikwe. Karibu karne moja baadaye, katika orodha ya wakazi iliyoandikwa Septemba 1939 vita vilipoanza, wanawake wengi walioolewa wamewekwa chini ya maneno yanayomaanisha shughuli za nyumbani zisizo na malipo, na sioni kwa nini tuamini kwamba hakuna hata mmoja wao aliyefua nguo za watu au kupangisha chumba. Cheti cha ndoa ndicho kilichochelewa kuliko vyote: mama wa maharusi hawakupewa nafasi humo hadi Mei 2021.

Kwa hiyo, mtafiti akikuta nafasi tupu mbele ya jina la bibi yake mkuu, na aulize kwanza mji ule uliishi kwa kazi gani. Huko kaunti ya Bedfordshire wanawake na watoto walisuka ukili wa mabua ya ngano, ambao ulishonwa kofia katika miji ya Luton na Dunstable, na zilikuwepo hata shule ambazo somo lake kubwa lilikuwa kusuka; mtoto anayeitwa mwanafunzi katika sensa huenda alishinda na mabua mkononi. Kaunti ya Buckinghamshire ilikuwa nchi ya lesi, kitambaa chepesi cha nyuzi chenye matundu ya mapambo. Katika mji wa Cradley Heath wanawake walifua minyororo ya chuma katika vibanda vya nyuma ya nyumba zao, na mwaka 1910 waligoma kwa wiki 10, wakiongozwa na Mary Macarthur, kiongozi wa chama cha wafanyakazi wanawake, mpaka waajiri wakakubali kulipa kima cha chini cha mshahara. Mwenye bibi wa Cradley Heath aliyeandikwa kuwa hana kazi asikubali upesi.

Kwa vizazi vya kabla ya sensa, mimi nayapenda mahojiano ya makazi kuliko nyaraka nyingine zote. Chini ya sheria ya maskini, mtu aliyehitaji msaada wa parokia alihojiwa mbele ya mahakimu ili kujua ni parokia ipi inayowajibika kumtunza, na mpaka 1834 mtu asiye na ndoa aliyeajiriwa na kutumika mwaka mzima mahali fulani alipata haki ya kutunzwa hapo. Ndiyo maana mahakimu waliuliza kila kitu: bwana wako alikuwa nani, ulikaa kwake miezi mingapi, alikulipa kiasi gani. Wajane na watumishi wa kike walijibu maswali hayo kwa kiapo, na majibu yao, ambayo mengi sasa yamo katika hifadhi za nyaraka za kaunti, yanasimulia kazi zao tangu utotoni.